Steringi Aliyelala: Uchambuzi wa Krismasi ya 2005 ya Doctor Who

Sisi tuliokulia na filamu tunajua sheria moja: steringi hafi. Akipigwa risasi atanyanyuka, akitupwa mtoni ataibukia ng'ambo. Doctor Who, tamthilia ya sayansi ya kubuni ya Uingereza iliyoanza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963, imedumu kwa kuishika sheria hiyo kwa namna yake. Steringi wake, Daktari, anaweza kufa kabisa. Ila mwili unaokufa hugeuka hapohapo ukawa mwili mwingine, na mwigizaji mwingine akaendelea na jina lilelile, kumbukumbu zilezile na kile kibanda chake cha bluu cha simu ya polisi anachosafiria katika nyakati na sayari.

Ukilieleza jambo hili kwa mdomo linaonekana jepesi. Kwa mtazamaji ni zito. Umemzoea mtu, unaijua sauti yake na namna anavyocheka, halafu unaletewa mgeni na kuambiwa huyu ndiye yuleyule, mpende.

Kisa ninachokichambua ni cha jioni moja: tarehe 25 Desemba 2005, saa 1 usiku kwa saa za London, BBC One, kipindi maalum cha Krismasi cha dakika 60 kiitwacho The Christmas Invasion. Mwandishi ni Russell T Davies, mwongozaji James Hawes, mtayarishaji Phil Collinson, na utayarishaji ulikuwa wa BBC Wales ya Cardiff. Kipindi hiki kilipewa mzigo wa kuzifanya familia nzima, zikiwa zimeshiba bata mzinga, zimpokee mgeni aitwaye David Tennant. Davies akamchukua mgeni huyo akamlaza kitandani, akamwacha hapo kwa zaidi ya nusu ya kipindi.

Nimekitazama mara nyingi, na kila mara narudi kwenye uamuzi huo. Naamini ule usingizi ndio uliompa Tennant kiti chake.

Hali ilivyokuwa kabla ya Krismasi

Ili uone ukubwa wa hatari, rudi nyuma kidogo. Tamthilia hii ilisimamishwa Desemba 1989. Mwaka 1996 ilijaribiwa filamu moja ya televisheni ambayo haikuzaa mfululizo. Ikarudi tarehe 26 Machi 2005 na Christopher Eccleston, mwanamume wa koti la ngozi na nywele zilizokatwa karibu na kichwa, mwenye lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 10.8. Siku chache tu baadaye BBC ikatangaza kwamba kutakuwa na msimu wa pili na kipindi cha Krismasi. Furaha haikukaa. Wiki hiyohiyo zikatoka habari kwamba Eccleston anaondoka baada ya msimu mmoja wa sehemu 13. BBC ikatoa tamko la sababu zake, kisha ikalazimika kuomba radhi kwa sababu maneno iliyomwekea mdomoni hakuyasema.

Kwa hiyo watoto wa Uingereza walikuwa na Daktari mmoja tu maishani mwao, na wakaanza kusikia anaondoka kabla hawajamaliza hata kumzoea. Wazazi wao walikuwa wamewahi kuona Daktari akigeuka. Wao hawakuwahi. Tarehe 18 Juni 2005 wakaona: mwanga wa dhahabu ukamlipuka Eccleston kichwani na mikononi, na pale aliposimama akawa amesimama mwembamba mwenye nywele za kusimama, akizungumzia meno yake mapya. Picha ikakatika. Ukiacha kipande kifupi kilichorushwa Novemba kwa ajili ya harambee ya watoto, walisubiri miezi sita.

Tatizo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1966, William Hartnell alipompisha Patrick Troughton, waandishi walimtumia adui: Dalek mmoja akaonekana kumtambua Daktari katika sura yake mpya, na mtazamaji akaambiwa kimyakimya kwamba kama adui amemjua, basi ni yeye. Mwaka 1970 Jon Pertwee alianza kazi akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Hivyo wazo la Daktari mgonjwa baada ya kugeuka halikuzaliwa na Davies, na sitamvika sifa isiyo yake. Alichokiongeza ni siku na mahali. Alikitoa kitanda hospitalini akakiweka kwenye fleti ya mama mmoja wa London, usiku wa kuamkia Krismasi, mti wa taa ukimetameta sebuleni.

Kitandani kwa Jackie

Kibanda cha bluu kinaanguka katikati ya majengo ya fleti anakoishi Jackie Tyler, mama yake Rose, msichana anayesafiri na Daktari. Mgeni anatoka, anawatakia heri ya Krismasi, anaanguka chini. Wanamvika pajama na joho la nyumbani la mwanamume aitwaye Howard, mchuuzi wa sokoni ambaye Jackie ameanza kuwa naye. Jackie anasimulia kwamba mapenzi yalianza kwa Howard kumletea vitu mlangoni, mara mfuko wa machungwa. Mstari huu unapita kama porojo za jikoni. Usiusahau.

Rose anaweka kifaa cha kupimia mapigo kwenye kifua cha mgonjwa, anasikiliza upande mmoja, kisha upande wa pili. Mioyo yote miwili inadunda, maana Daktari si binadamu na kifuani ana mioyo miwili. Hapo ndipo kipindi kinapoweka swali lake mezani, na kinaliweka kupitia uso wa Billie Piper, anayemwigiza Rose. Uso ule hauna hofu ya majini wala vyombo vya anga. Una huzuni ya mtu aliyefiwa huku akiambiwa hajafiwa. Kila mtoto aliyempenda Eccleston alikuwa amekaa ndani ya uso ule. Davies angeweza kumwamsha Tennant dakika ya tatu, akamrukisha huku na huko na kumpa maneno matamu, na watoto wangekaa wamekunja mikono wakimlinganisha na wa zamani kwa kila sentensi. Aliyelala hawezi kulinganishwa. Unaweza kumsubiri tu.

Na wakati unamsubiri, mambo yanaharibika. Maroboti yaliyovaa kama Baba Krismasi yanapiga tarumbeta mtaani, na moja ya tarumbeta inatema moto. Mti wa Krismasi uliopelekwa nyumbani kwa Jackie unaanza kuzunguka kama pia, matawi yakikata samani mithili ya msumeno. Rose anakimbilia kitandani, anaiweka bisibisi ya sauti, kifaa cha Daktari cha kila kazi, kwenye kiganja cha mgonjwa, anamwinamia sikioni na kumwomba msaada. Mgonjwa anainuka mara moja kama mtu aliyeshtuliwa, anaunyamazisha mti, anazungumza kidogo, anatoa tofaa kwenye mfuko wa joho la Howard, anaanguka tena. Ni kionjo cha sekunde chache: mwandishi ameonyesha kwamba dawa ipo, kisha ameifungia kabatini.

Sebule ile ina kazi kubwa. Waingereza siku ya Krismasi hula mchana, husikiliza hotuba ya mfalme au malkia wao saa 9 alasiri, kisha jioni wazee kwa watoto hukaa mbele ya televisheni moja. Kipindi kilichukua vitu vilivyokuwa vimewazunguka saa ileile, mti, taa, mzee wa ndevu nyeupe, kikavigeuza kuwa hatari, na kitu kimoja cha nyumbani kikakiweka akiba kwa ajili ya wokovu.

Chai

Wavamizi wenyewe, Sycorax, wanaanza kuonekana pale chombo cha utafiti cha Uingereza kilichokuwa kikielekea Mirihi kinapotekwa njiani. Ndani ya chombo kulikuwa na sampuli ya damu ya kundi A chanya. Kwa damu hiyo Sycorax wanawatawala watu wote wa kundi hilo, theluthi moja ya wanadamu, ambao wanatembea kama walio usingizini mpaka kwenye kingo za mapaa, wakasimama hapo wakisubiri kuamriwa waruke. Ni picha ya kutisha sana kwa mtoto, maana anayesimama ukingoni anaweza kuwa baba yake. Sycorax wenyewe, nikisema kweli, hawana uzito huo: mifupa usoni, mijeledi, vitisho. Wanatosha kwa kazi yao na sitawazungumzia zaidi.

Kinachonivutia zaidi ni lugha yao. Katika tamthilia hii kibanda cha Daktari ndicho kinachowatafsiria wasafiri lugha za viumbe wote, lakini kinategemea akili ya Daktari, na akili yake imezimika. Kwa hiyo Sycorax wakinguruma, Rose haambulii kitu. Aliyewahi kutazama picha ya Kihindi bila mtafsiri anaijua hali hiyo: unaona hasira usoni na hujui inakuhusu nini. Kibanda, Daktari akiwa amelala ndani yake, kimevutwa hadi kwenye chombo cha Sycorax, na Rose anasimama mbele ya umati wa wavamizi na kujaribu kuwatisha kwa kuunganisha majina aliyowahi kuyasikia kwa Daktari, la huku na la kule, kama mtoto anayeiga hotuba ya mkubwa. Wanamcheka. Ni tukio chungu, kwa sababu anajitahidi kuwa yeye Daktari, na pengo linazidi kuonekana.

Wakati huohuo, ndani ya kibanda, chupa ya chai aliyoibeba Jackie pamoja na mifuko ya chakula imeanguka. Chai inavuja. Kamera inashuka karibu kabisa: matone ya kahawia yanapita kwenye wavu wa sakafu, yanadondokea mitambo ya moto chini, mvuke unapanda polepole na kumfikia puani mtu aliyelala. Anavuta pumzi.

Nje, kiongozi wa Sycorax anaendelea kunguruma, na katikati ya sentensi ngurumo inageuka Kiingereza. Rose anashangaa kwamba anamwelewa. Wenzake nao wanamwelewa. Kisha anaelewa maana ya kuelewa huko, na anageuka polepole kukitazama kibanda. Mlango unafunguka. Amesimama kwenye pajama, anawauliza kama walimkumbuka.

Huu ndio ufundi ninaouheshimu zaidi katika kipindi kizima. Davies hakumtangaza Daktari kwa muziki wala kwa mlipuko. Alimtangaza kwa maneno kueleweka. Mtazamaji anajua amerudi sekunde kadhaa kabla hajamwona, na katika sekunde hizo anajikuta anamtaka. Anamtaka yeye mwenyewe, huyu mwembamba, hana tena nafasi ya kumkumbuka yule wa koti la ngozi. Na kilichomwamsha ni chai, kinywaji ambacho mama wa kawaida hubeba kwenye chupa anapoondoka nyumbani kwa haraka.

Chenza na upanga

Dakika zilizobaki ni za Tennant, na anazitumia kama mtu aliyefungwa siku tatu akafunguliwa. Anaongea mfululizo, anajiuliza mwenyewe yeye sasa ni mtu wa aina gani, mpole au mkali, anakiona kitufe kikubwa chekundu cha kuwaamuru watu waruke na anakibonyeza, kwa sababu ametambua kwamba damu inaweza kumtawala mtu lakini haiwezi kumfanya ajiue. Anamwita kiongozi wao kwenye pambano la panga kwa ajili ya dunia. Wanapigana juu ya chombo, London ikiwa chini yao. Mkono wake unakatwa na kuanguka na upanga wake. Anautazama ule mkono, kisha anaeleza kwamba bado yuko ndani ya saa 15 za kwanza tangu ageuke, mwili una nguvu ya ziada, na mkono mwingine unaota hapohapo.

Anashinda, anamsamehe adui kwa sharti waondoke wasirudi. Anatia mkono mfukoni mwa joho la Howard na kukuta chenza. Yule mchuuzi wa sokoni! Anafurahia chenza lake akitembea na Rose, na nyuma yake adui anaokota upanga na kumkimbilia. Bila kugeuka, Daktari anarusha chenza, linagonga kitufe, sakafu inafunguka, adui anaporomoka. Na uso wake haubadiliki. Anasema tu kwamba yeye hatoi nafasi ya pili.

Kwa hiyo swali lake la mpole au mkali limejibiwa, na jibu linatia baridi kidogo. Ndiyo maana robo ya mwisho naiona ina uzito kuliko vita vyenyewe.

Harriet Jones

Waziri Mkuu katika kisa hiki ni Harriet Jones, anayeigizwa na Penelope Wilton. Watazamaji walimpenda tangu msimu wa kwanza, alipokuwa mbunge asiyejulikana aliyehangaikia hospitali ndogo za vijijini na kujitambulisha kwa kitambulisho kila mahali. Katika kipindi hiki anakataa kupelekeshwa na Rais wa Marekani anayetaka kuyageuza mambo kuwa vita, jambo ambalo mwaka 2005, vita vya Iraq vikiendelea, kila Mwingereza alilielewa. Anawaona watu wake wawili wakiuawa mbele yake na Sycorax. Anatokea kwenye televisheni kumwomba Daktari ajitokeze.

Sycorax wakiwa wameshindwa na wanaondoka, anatoa amri. Taasisi ya siri iitwayo Torchwood inafyatua miale mitano ya kijani inayokutana angani, na chombo kinapasuka. Waingereza wa umri fulani walikumbuka mara moja tarehe 2 Mei 1982, meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, ilipozamishwa ikiwa nje ya eneo la vita lililotangazwa na ikielekea mbali, watu 323 wakafa, na Waziri Mkuu aliyeidhinisha alikuwa mwanamke.

Daktari anawaka. Harriet anajitetea, na utetezi wake si wa mtu mwovu: wewe huja na kuondoka, leo watu wamekufa kabla hujaamka, nani atatulinda ukiwa haupo? Kumbuka kwamba kipindi chote kimetuonyesha hasa hilo, dunia ilivyo akiwa amelala. Davies amempa mshtakiwa hoja bora kuliko zote zilizomo. Daktari anasema anaweza kuiangusha serikali yake kwa neno moja, kisha anajirekebisha: maneno 6. Anamsogelea msaidizi wa Harriet na kumnong'oneza sikioni, kwa Kiingereza maneno 6, kwa Kiswahili ni kama: huoni kama anaonekana amechoka? Anaondoka. Harriet anabaki akiuliza kwa sauti inayovunjika, umemwambia nini? Kabla kipindi hakijaisha, tunamwona kwenye televisheni akizungukwa na maswali kuhusu afya yake.

Wapo wanaoishangilia kama werevu wa hali ya juu. Mimi sikubaliani nao. Harriet alikosea kuwaua wanaokimbia, nalikubali bila kusita. Lakini Daktari hakumpeleka mbele ya wananchi waliomchagua. Alipanda mbegu ya uvumi kuhusu mwili wa mwanamke, akijua jamii itaimwagilia yenyewe. Kosa la Harriet liliachwa bila kuhukumiwa, na uchovu wake ukahukumiwa. Tena katika mwili wake uliopita, mwaka huohuo, Daktari mwenyewe alikuwa amekumbuka kwamba historia ingemweka Harriet madarakani vipindi vitatu na kuiletea Uingereza zama za dhahabu. Akazifuta zama hizo kwa hasira ya dakika moja. Katika msimu wa 2007 kiti cha Waziri Mkuu kinakaliwa na adui yake mkubwa kuliko wote. Mwaka 2008 Harriet anarudi, anajitoa mhanga ili Daktari apatikane, na hata wakati huo hayarudishi nyuma maneno yake.

Kumpa shujaa mpya doa kama hilo siku yake ya kwanza, siku ya sikukuu, mbele ya watoto, ni ujasiri niliouona mara chache kwenye televisheni ya familia.

Kilichofuata

Watazamaji walikuwa milioni 9.84. BBC ikaendelea na desturi hiyo miaka 13 mfululizo, Krismasi ya 2005 hadi ya 2017, na ile ya 2007 ikafika milioni 13.31. Krismasi ikawa pia siku ya kuagana: Matt Smith alimpisha Peter Capaldi tarehe 25 Desemba 2013, Capaldi akampisha Jodie Whittaker tarehe ileile 2017. Desturi ilipofufuliwa tarehe 25 Desemba 2023, Davies alikuwa amerudi kuandika, na Daktari alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali ambaye familia yake iliikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Scotland. Safari hii hakuna aliyelazwa. Gatwa anaonekana akicheza muziki klabu, amevaa sketi ya Kiskoti. Watazamaji walikuwa wameshamwona tarehe 9 Desemba, na waliokuwa watoto mwaka 2005 walikuwa watu wazima wanaojua kwamba mgeni huzoeleka.

Mwaka 2005 hawakujua. Ndiyo maana narudi kwenye dakika za mwisho za kile kipindi, baada ya chakula na kofia za karatasi mezani kwa Jackie, Daktari akiwa ameshachagua suti yake ya kahawia yenye mistari. Wanatoka nje, na kunadondoka kitu cheupe. Rose anafurahi kwamba ni theluji. Daktari anamweleza kwamba ni majivu, chombo cha Sycorax kikiungua angani. Wanasimama ndani ya majivu hayo, wakiwa bado hawajaambiana kama wataendelea pamoja. Anamuuliza kwa woga kama anataka kuja. Anataka. Daktari anaunyoosha mkono, ule ulioota siku hiyohiyo. Rose anasema mkono huo unamsisimua ngozi. Kisha anaushika.